Nilibandua kioo cha gari la baba, nikagundua haoni pembeni

Kioo cha ndani cha gari la baba kilikuwa kimebandikwa vibaya. Hivyo ndivyo nilivyoamini kwa karibu miaka miwili.

Kwenye magari mengi, kile kioo kidogo cha kuangalia nyuma hukaa juu, katikati ya kioo cha mbele, karibu na paa. Cha baba kilikuwa kimeshuka chini na kusogea kulia hadi karibu na usukani, utadhani kinataka kumnong'oneza dereva. Ukikaa kwenye kiti chake kinakuziba sehemu ya barabara. Sisi watoto wake tulikuwa tunakicheka. Mdogo wangu alikipa jina: kioo cha kunyolea ndevu.

Baba alikuwa anacheka pamoja nasi, kisha anaanzisha mazungumzo mengine.

Desemba iliyopita nilikwenda Morogoro kuwasalimia wazazi. Tulipanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam mimi, mume wangu na mwanetu wa miaka mitatu. Siku ya pili baba akatupa ufunguo wa gari twende kumsalimia shangazi Mvomero. Mume wangu alikuwa amechoka, hivyo nikasema nitaendesha mimi.

Nilipokaa kwenye usukani nikataka kukigeuza kioo kile ili nimwone mtoto aliyekaa nyuma. Hakikugeuka. Gundi ilikuwa imeingia hadi kwenye kiungo cha shingo yake. Nikakishika kwa mikono miwili na kukivuta. Kikalia "ka!"

Nikaachia haraka.

"Usivute," mume wangu akasema. "Ukipasua kioo cha mbele, utamwambia mzee nini?"

Kumbe mzee alikuwa barazani anatuangalia. "Hicho kiacheni kama kilivyo," akasema. Sauti yake ilikuwa na ukali kidogo, na baba yangu si mtu wa ukali. Ni mwalimu mstaafu wa Jiografia ambaye hata wanafunzi watundu aliwaita "rafiki yangu".

Nikadhani nimegusa fahari yake. Kioo cha awali kilianguka siku moja gari likiwa limeegeshwa juani, kama vinavyoanguka vingi gundi inapolegezwa na joto, na baba alikirudisha mwenyewe kwa gundi ile ya mirija miwili inayochanganywa. Ilikuwa kazi ya mikono yake.

"Baba, kinaniziba barabara," nikamwambia. "Na simwoni mtoto."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Leo wewe ndiye dereva. Ila usinivunjie kioo." Akaingia ndani.

Safari ya kwa shangazi ikaahirishwa hadi keshokutwa yake. Mimi nikaanza kutafuta namna ya kubandua kioo kilichoganda.

Msaada sikuupata gereji. Niliupata kwa kijana fundi simu mwenye kibanda hatua chache kutoka nyumbani. Nilikwenda kununua vocha, nikamsimulia. Akacheka.

"Dada, gundi haivutwi," akasema. "Inapashwa moto, halafu inakatwa. Mimi kila siku nabandua vioo vya simu. Ningekuwa navuta, ningekuwa nimevunja simu za mji mzima."

Jioni akaja na blowa yake ndogo na kipande cha uzi mwembamba wa nailoni, ule wa kuvulia samaki. Nitaeleza alichofanya hatua kwa hatua, kwa sababu baada ya siku ile nimekutana na wazazi wenzangu wawili waliopasua kioo cha mbele kwa kufanya kama nilivyotaka kufanya mimi.

Kwanza alikagua kioo kimeshikiliwa na nini. Kuna magari ambayo kioo cha ndani kimefungwa kwenye paa kwa skrubu, hakigusi kabisa kioo cha mbele. Mengine yana kitako kidogo cha chuma au plastiki kilichogundishwa kwenye kioo cha mbele, na shingo ya kioo cha ndani huvaliwa juu ya kitako hicho. Kwa hiyo kazi ni mbili: kukitoa kioo kwenye kitako, kisha kukitoa kitako kwenye kioo cha mbele. Watu wengi huzichanganya, wakavuta vyote kwa pamoja kuelekea kwao. Huko ndiko kupasua.

Shingo nyingine ina skrubu ndogo ya kulegeza. Nyingine husukumwa kuelekea juu ikachomoka. Nyingine huzungushwa kidogo upande. Ukiona nyaya, au kifaa cha kuhisi mvua, au kamera nyuma ya kioo hicho, acha, mpelekee fundi wa magari. Cha baba hakikuwa na nyaya. Kilikuwa na skrubu moja ndogo, lakini nayo ilikuwa imezama kwenye gundi.

Pili, alituambia tumwondoe mtoto na tufungue milango yote. Akavaa miwani ya kukinga macho. "Kipande cha kioo hakichagui," akasema.

Tatu, akapasha joto. Hapa nilijifunza subira. Hakuielekeza blowa sehemu moja. Aliipeleka huku na huku, taratibu, kama mtu anayepiga pasi kitambaa laini, akiweka kiganja upande wa nje wa kioo kupima joto. Akatuambia kuwa nyumbani mtu anaweza kutumia mashine ya kukaushia nywele, ila asithubutu kutumia kiberiti, mshumaa wala maji ya moto. Kioo kikipata joto la ghafla sehemu moja na kwingine kikabaki baridi, hupasuka. Ndiyo maana pia usifanye kazi hiyo gari likiwa limetoka kupigwa kiyoyozi.

Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati. Kwa sababu hiyo kikipigwa na jiwe hakimwagiki mapajani mwako. Lakini ufa ukishaanza hutembea, na siku moja unaamka umekatiza kioo kizima.

Nne, gundi ilipolainika, akapitisha uzi wa nailoni nyuma ya kitako, akashika ncha mbili na kuanza kuuvuta kulia na kushoto kama msumeno. Dakika kumi. Akapasha tena. Akakata tena. Hatimaye kitako kikadondoka mkononi mwangu, chepesi, pamoja na kioo chake.

Mwisho akakwangua mabaki kwa wembe alioulaza, kisha akafuta kwa kitambaa chenye asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Alisubiri kioo kipoe kwanza na alikuwa ameweka blowa mbali, maana asetoni hushika moto upesi. Alihakikisha pia haidondokei dashibodi, kwa sababu inaharibu plastiki.

Juu, katikati, karibu na paa, alama ya gundi ya kiwandani ilikuwa bado inaonekana. Tukaisafisha, tukanunua gundi maalumu ya kazi hiyo, tukakirudisha kitako palepale kilipozaliwa na kukiacha kikauke usiku kucha kabla ya kukivika kioo. Nikalala nikiwa na furaha ya mtu aliyetengeneza kitu nyumbani kwa wazazi wake.

Asubuhi nikamwita baba aje aone.

Akakaa kwenye kiti chake, akafunga mkanda kana kwamba anasafiri. Akatazama mbele. Mkono wake wa kushoto ukanyanyuka kurekebisha kioo, ukaenda palepale kilipokuwa zamani, ukashika hewa.

"Kiko juu, baba. Mahali pake," nikasema.

Akanyanyua kichwa chote, si macho tu. "Ahaa. Nimekiona." Akarudisha uso mbele, akatulia kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Nikiangalia barabara, hapo sikioni. Kinapotea. Ndiyo maana nilikileta karibu."

Nilikuwa nimesimama nimeshikilia mlango. Naikumbuka ile baridi iliyonipita mgongoni.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Mwezi Machi, katika wiki ya glakoma duniani, niliandika makala ndefu kuhusu ugonjwa huo ambao wengi wetu tunauita presha ya macho. Niliandika kwamba mshipa unaopeleka taarifa za kuona kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo huharibika kidogo kidogo. Niliandika kwamba aina inayowapata wengi hauumi, haiwashi, haina wekundu. Niliandika kwamba mgonjwa hupoteza kwanza uwezo wa kuona pembeni huku katikati akiona vizuri, hata kusoma gazeti anasoma, hivyo hana sababu ya kujishuku. Niliandika kwamba kilichopotea hakirudi.

Makala hiyo nilimtumia baba kwa WhatsApp. Alinijibu: "Hongera mwanangu. Makala nzuri sana, imeeleweka." Alikuwa ameisoma yote. Aliisoma kwa yale macho.

Nikamwomba ashuke, tukakaa barazani tukitazamana. Nikamwambia ninataka kufanya kitu nilichokiona kliniki nilipokuwa naandika. Azibe jicho moja, anitazame puani, asitazame kwingine, nami nitasogeza vidole kutoka pembeni. Akiviona aseme.

Nilianza na mkono ulionyooka upande. Kimya. Nikasogeza. Kimya. Mimi niliviona vidole vyangu vizuri kabisa; yeye alikuwa ananitazama puani kwa utulivu, kama mwanafunzi mtiifu. Nikasogeza zaidi.

Mwanangu aliyekuwa amesimama pembeni akadhani ni mchezo. Akaanza kuruka. "Babu! Vidole hivi hapa! Hivi hapa, babu!"

Baba akatabasamu. "Viko wapi?"

Mama alikuwa ametoka jikoni na sinia la ndizi. Akaliweka chini taratibu, akaketi.

Ninaomba nieleweke: jaribio lile la vidole si kipimo cha hospitali na halimwambii mtu ana ugonjwa gani. Lilitosha tu kutuambia tusingoje. Jumatatu iliyofuata mume wangu aliendesha, mimi nikakaa nyuma na baba, tukampeleka kliniki ya macho.

Njiani alianza kusimulia mwenyewe. Kwamba siku hizi bodaboda hazina adabu, zinatokea ghafla. Kauli hiyo tulikuwa tumeisikia mara nyingi. Sote tulimuunga mkono, maana nani asiyejua bodaboda? Kwamba ule mchubuko wa upande wa kushoto wa gari ulitokana na nguzo ya geti, "ambayo iko pale tangu mwaka tuliojenga, lakini siku ile sikuiona". Kwamba amewahi kujikwaa kwenye ngazi za kanisani mara mbili akasingizia viatu. Kila tukio lilikuwa na maelezo yake. Hakuna aliyewahi kuyaweka pamoja, nikiwemo mimi ninayelipwa mshahara kwa kuweka mambo pamoja.

Kliniki walimpima presha ya ndani ya jicho. Wakamtia dawa ya kupanua mboni na kuangalia mshipa wa nyuma. Kisha wakampima upana wa kuona: anaweka uso kwenye kifaa kama bakuli, anatazama katikati, na kila akiona kinukta cha mwanga anabonyeza kitufe. Mimi nilikuwa nimekaa nje ya mlango nikisikiliza vile vibonyezo. Kulikuwa na vipindi virefu vya ukimya.

Daktari alituonyesha karatasi. Sehemu zilizokolea weusi ndizo asizoziona. Macho yote mawili yalikuwa na glakoma, la kulia likiwa limeathirika zaidi, na sehemu kubwa ya juu na ya pembeni ilikuwa imekwenda.

"Lakini mimi sioni weusi wowote," baba akabisha. Mwalimu hakubali jambo bila ushahidi.

Daktari akamweleza kwamba ndivyo ilivyo. Ubongo hauachi shimo jeusi, hujaziliza. Mtu huona picha iliyokamilika, kumbe baadhi ya vitu havimo. Bodaboda haipo, haipo, haipo, halafu ipo mbele ya bampa.

Baba akaitazama ile karatasi kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe nilikuwa naendesha kwenye nusu barabara."

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nawaza mara zote alizomchukua mjukuu wake kwenda kununua maembe sokoni, mtoto akiwa nyuma anaimba.

Daktari alisema mambo mawili. La kwanza, matone ya dawa kila jioni, saa ileile, siku zote za maisha. Hayatarudisha kilichopotea, kazi yake ni kushusha presha ya jicho ili kilichobaki kibaki. La pili, asiendeshe tena.

La kwanza alilikubali palepale. La pili lilichukua wiki tatu.

Wazazi wenzangu, hakuna somo la chuo kikuu linalokufundisha kumwomba baba yako ufunguo wa gari. Huyu ndiye aliyekufundisha kuendesha. Ndiye aliyekukimbiza hospitali usiku ulipokuwa na degedege. Gari lile alilinunua kwa kiinua mgongo chake, na kwake lilikuwa ushahidi kwamba miaka yote ya chaki haikupotea bure. Niliporudi Dar es Salaam nilimpigia kila siku na kila siku tulizungumza kuhusu mvua.

Mdogo wangu alipendekeza tuufiche ufunguo. Mama alikataa. "Baba yenu si mtoto," akasema. "Mkimfichia ufunguo mtakuwa mmemwondolea kitu cha pili, na hicho hakina matone."

Hivyo tukafanya alivyotaka mama. Tulikaa kikao, baba akiwa ndiye mwenyekiti kama kawaida ya nyumba yetu. Hatukuanza na asichoweza kufanya. Tulianza na safari zake: kanisani Jumapili, sokoni Jumatano, kikao cha wastaafu mara moja kwa mwezi, shambani anapojisikia. Tukatafuta dereva wa bajaji jirani wa kuaminika, tukakubaliana naye bei ya wiki. Shambani atapelekwa na mdogo wangu Jumamosi. Mafuta na matengenezo ya gari, tulipopiga hesabu, yalizidi nauli zote hizo, na baba anaheshimu hesabu.

Kisha nikamwambia kitu kimoja tu. "Baba, wewe mwenyewe ulikisogeza kile kioo. Ulijua kuna kitu. Hukutaka kutusumbua."

Akanyamaza. "Nilidhani ni uzee," akasema. "Na uzee hauna hospitali."

Akaenda chumbani, akarudi na ufunguo, akampa mdogo wangu. Hakutoa hotuba. Alisema tu gia ya pili ina ugumu asubuhi, isilazimishwe.

Kauli yake ile kuhusu uzee ndiyo iliyonifanya niandike haya kwenye ukurasa huu wa familia. Wengi wetu tuna wazazi wanaodhani hivyo. Tunawapigia, tunauliza "hali yenu?", wanajibu "nzuri, labda ninyi", tunaridhika. Macho yao tunayauliza kwa swali moja: unaona vizuri? Mgonjwa wa glakoma atakujibu naona vizuri, na hatakuwa anadanganya.

Usimuulize. Mtazame. Je, anajikwaa kwenye ngazi anazozijua? Anagonga fremu ya mlango bega moja? Anashtuka mtu anapomfikia kutoka upande? Gari lake lina michubuko mipya upande uleule? Anageuza kichwa kizima kutafuta kitu kilicho mezani mbele yake? Amehamisha vitu nyumbani, taa, kiti, televisheni, kioo, na hawezi kueleza vizuri kwa nini?

Usichanganye ugonjwa huu na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi; mtu huona kama kupitia moshi, na upasuaji humrudishia kuona. Ya glakoma haina marejeo. Anayesema "ngoja ikomae ndipo tumpeleke" anangoja jicho liishe. Na presha ya jicho si ile presha ya damu inayopimwa mkononi. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine, na wapo wanaoharibika mshipa wa jicho hata presha ya jicho ikiwa ya kawaida. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi, lazima daktari aangalie na mshipa wenyewe.

Hatari huongezeka mtu anapopita miaka 40, na sisi watu wenye asili ya Afrika tunapata ugonjwa huu zaidi na mapema zaidi. Ukiwa na mzazi, kaka au dada mwenye glakoma, hatari yako inapanda. Hospitali kama Muhimbili, CCBRT, KCMC na Bugando zina huduma za macho, na hospitali yako ya mkoa itakuambia pa kuanzia. Sisi watoto watatu tumeshapimwa. Mimi nina miaka 28 na macho yangu yako salama, ila nimeambiwa nirudi kila baada ya muda, na nitarudi.

Kwa wanaowatia wazazi matone: nawa mikono, mwegemeze kichwa nyuma, vuta kope ya chini kidogo, tone moja linatosha. Kisha afumbe macho na kubonyeza kwa kidole ile kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili, dawa isikimbilie kooni. Asiache kwa sababu "haoni tofauti". Kutoona tofauti si ishara kwamba dawa haifanyi kazi.

Baba sasa anatiwa tone saa tatu usiku, baada ya taarifa ya habari. Mama ndiye mtiaji. Saa tatu na dakika tano simu yangu hulia na ujumbe wa neno moja: "Tayari." Usiku mmoja ulichelewa hadi saa nne na nusu, nikapiga kwa wasiwasi. Umeme ulikuwa umekatika.

Kipande cha ile gundi ya zamani ya manjano ninacho mezani kwangu kazini. Mwenzangu mmoja aliniuliza ni cha nini, nikamwambia ni makala niliyochelewa kuisoma.

Ukienda kuwasalimia wazazi mwisho wa wiki hii, usikimbilie kiti cha nyuma na simu yako. Mwambie mzee akuzungushe mtaani kidogo, wewe ukae mbele kushoto, na umtazame anavyoendesha.